Sahani za Bibi: Safari ya Vyombo vya Harusi kutoka Pwani hadi Nkome



Mfunguo Mosi ukiingia, mazungumzo ya harusi hayaishi. Mahari, singo, nguo za begi, na mwisho vyombo. Safari hii swali limetufikia kutoka mbali kidogo na bahari yetu: kutoka Nkome, mwalo wa wavuvi mkoani Geita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, huko boti zinakoondokea kwenda kisiwa cha Rubondo.

Bibi mzaa mama aliondoka Unguja zamani, akaolewa bara, akaenda na sahani sita za udongo. Bibi ametangulia mbele ya haki, sahani zimemfikia mjukuu, naye kaposwa. Mnunuzi wa vitu vya kale anazitaka. Mama mtu anaona ni heri ziuzwe, fedha ziongezwe za upatu na mkopo kidogo, inunuliwe dina seti ya watu 12 yenye ukingo wa dhahabu, binti asije akasemwa ukweni. Binti hataki, lakini hoja yake ni moja tu, kwamba ni za bibi. Na hiyo, mbele ya mama mwenye hesabu mkononi, haitoshi.

Tumpe hoja nyingine basi. Sahani nzuri katika nyumba ya Mswahili ina historia ya zaidi ya miaka 1000, na ndani ya historia hiyo mna jibu la nini cha kununua, nini cha kutumia na nini cha kuachia.

Kauri, jina moja la vitu viwili

Kiswahili kina neno kauri. Kwanza ni lile gamba dogo la konokono wa baharini, jeupe na laini, ambalo wengine huliita simbi au kete. Pili ni udongo mweupe wa Kichina uliochomwa kwa moto mkali mpaka ukang'aa kama gamba hilo. Wataliani nao walifanya vivyo hivyo: porcellana kwao lilikuwa jina la kauri ya baharini kabla halijawa jina la sahani.

Kauri za baharini zilisafiri sana kwenda bara. Katika karne ya 19 watu wa Buganda, upande wa pili wa Ziwa, walizitumia kama fedha. Tusidhani hata hivyo kwamba watu wa Ziwani walisubiri pwani iwafundishe chombo kizuri. Vyungu viitwavyo vya Urewe, kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, vilifinyangwa kuzunguka Ziwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, vikachorwa mistari kwa ustadi, na vingi vikawekwa kibonyeo kitakoni. Mwanamke wa Nkome anayechagua chombo leo anasimama juu ya ardhi ya watu waliojua kufinyanga na kupamba.

Sahani ilipopanda ukutani

Huku kwetu, Unguja Ukuu, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyombo vya Kichina na vya nchi za Ghuba vya karne ya 9. Vigae vya Kichina vimepatikana pia Manda karibu na Lamu, Kilwa na Gedi. Mwaka 1955 Mortimer Wheeler, mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, alitembelea pwani ya Tanganyika akastaajabu kwa wingi wa vigae vya Kichina alivyovikuta chini. Alisema kwa maana hii: historia ya pwani hii tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Kichina.

Wazee wetu walizifanyia nini sahani hizo? Walizilia, ndiyo, lakini nyingine walizipa kazi ambayo leo inatushangaza. Walizijenga ndani ya kuta. Ukienda kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, au Kaole karibu na Bagamoyo, utaona nguzo za mawe zenye vishimo vya duara. Humo mlikuwa na mabakuli na sahani. Nyingi zimeng'olewa na kuchukuliwa, kimebaki kishimo tu. Mambrui, pwani ya Kenya, nako ni hivyo hivyo.

Na Lamu, katika nyumba za mawe za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilichongwa zidaka, safu juu ya safu ya vishubaka vya chokaa, na ndani yake zikawekwa sahani na mabakuli. Chumba hicho ndicho mwanamke alichojifungulia, na ndicho maiti alichooshewa. Mtafiti Linda Donley, aliyeandika juu ya nyumba hizo miaka ya 1980, alielezwa na wenyeji kwamba sahani zilikinga jicho la hasidi: likija, sahani hulipokea na kupasuka badala ya mtu kudhurika.

Hapa tuseme wazi. Jicho ni kweli, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha hivyo, lakini kinga ni kwa Allah. Sahani haipokei wala hairudishi kitu. Tunazo Qul-Audhu mbili. Lakini tukiondoa itikadi hiyo, tunaona jambo moja la ukweli kuhusu bibi zetu: sahani nzuri waliiweka pale penye uzito wa maisha, penye uzazi na penye msiba. Haikuwa pambo la sebuleni la kuwaonesha wapita njia. Ilikuwa ndani.

Baadaye ikatoka. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi vyumba vya watu wakubwa wa Unguja vilivyokuwa na rafu ndani ya kuta, zimepangwa bilauri na vyombo vya kauri vya thamani, na jinsi watu wasivyoogopa bei ya kitu kizuri cha aina hiyo. Kabati la vioo lililoko sebuleni kwetu leo, lenye vikombe visivyoguswa, ni mjukuu wa rafu hizo.

Zilipokuwa za kila mtu

Karne hiyo ya 19 ilileta badiliko kubwa. Viwanda vya Ulaya vikaanza kutengeneza sahani na mabakuli kwa wingi na kwa bei nafuu. Mji wa Maastricht, Uholanzi, ulikuwa na viwanda viwili vilivyouza sana nje: cha Petrus Regout na kile cha Société Céramique. Mabakuli yao yenye maua na nakshi za rangi nzito zilizogongwa kwa sponji yaliingia Unguja mpaka yakaonekana kama ya kwetu. Vigae vya Ulaya vimechimbuliwa hata katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mbali na majumba ya mji. Maana yake chombo chenye rangi hakikuwa tena cha mabwana peke yao.

Kama unazo sahani za bibi, zigeuze uangalie kitako. Sahani ya Regout mara nyingi ina alama ya Sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu. Ya Société Céramique mara nyingi ina simba. Ukikuta maneno ya Kiingereza yanayotaja nchi ilikotengenezwa, ujue kwa kawaida haizidi mwisho wa karne ya 19, kwa sababu ni wakati huo sheria za forodha za nchi kubwa zilipolazimisha bidhaa kuandikwa zilikotoka.

Njia ya kwenda Ziwani

Sasa tuone sahani ilivyofika Nkome.

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, mwendo wa miezi kwa miguu, kisha ikapanda kaskazini kwenda Ziwani, Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walibeba mzigo wa kilo 30 hivi kila mmoja. John Hanning Speke alipopita Uzinza mwaka 1861, pande hizo ambamo Nkome imo, hongo aliyodaiwa na watemi ilikuwa ya vitambaa, shanga na waya za shaba. Sahani haikuwemo. Nani angebeba kitu kinachovunjika kichwani kwa miezi mitatu?

Hata matajiri waliokaa bara walilijua hilo. Henry Morton Stanley alipofika Tabora mwaka 1871 aliandika juu ya nyumba za Waarabu wa huko: mazulia ya Kiajemi, vyombo kamili vya chai na kahawa, na sinia za shaba zilizochongwa. Chombo kikubwa kilikuwa cha shaba, kwa sababu shaba hubonyea na kunyooshwa. Mwaka 1875 Stanley alimkuta Songoro, mfanyabiashara wa pwani, amekaa Kageyi kusini mwa Ziwa, mashariki ya Mwanza ya leo, akijenga jahazi. Watu kama yeye ndio waliokuja Ziwani na nguo, na Kiswahili, na swala. Katika Buganda Uislamu ulikuwa umeshatangulia tangu mwaka 1844, alipofika Ahmad bin Ibrahim kutoka Unguja kwa njia hiyo hiyo ya Tabora.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo ya vyombo. Ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kreti ya vyombo iliyofungwa kwa majani makavu ikaweza kutoka bandarini hadi Ziwani bila kukanyagiwa njiani. Kutoka Mwanza ilibaki kivuko, lori na barabara ya vumbi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa juzi tu, Juni 2025. Kabla ya hapo kila kikombe cha udongo kilichokwenda Geita kutoka Mwanza kilivuka kwa kivuko au kilizunguka mbali.

Hili ndilo ninalotaka binti wa Nkome alitie moyoni. Pwani, sahani ililetwa na jahazi na upepo wa kaskazi. Ilikuja na biashara. Ziwani, kwa muda mrefu sahani haikuwa biashara. Iliyofika nzima ilibebwa na mtu aliyetaka ifike. Sahani sita zilizotoka Unguja na bibi, zikapita reli na kivuko na bado ziko sita, zilifungwa kwa kanga zake mwenyewe. Hiyo ni hoja, na si kusema tu kwamba ni za bibi.

Dini yetu na chombo cha mezani

Geita ni nchi ya dhahabu, na dhahabu kwa mwanamke wa Kiislamu ni halali kuivaa. Lakini kula na kunywa katika chombo cha dhahabu au fedha kumekatazwa, mwanamke na mwanamume sawa. Hadithi ya Hudhaifa (R.A.) iko katika Bukhari na Muslim: aliletewa maji katika chombo cha fedha akakitupa, akataja makatazo ya Mtume (S.A.W.). Wataalamu wengi wa sanaa huona kwamba makatazo hayo yalisaidia kuwapa wafinyanzi wa Kiislamu heshima kubwa. Mafundi wa Basra katika karne ya 9 waliiga weupe wa kauri ya Kichina wakaupaka rangi zao, na udongo ukakaa mahali ambapo wafalme wa kale waliweka dhahabu.

Na ukingo wa dhahabu katika dina seti? Wanazuoni wa Kishafi wanatofautisha dhahabu yenyewe na mpako mwembamba ambao hata ukiyeyushwa hautoki kitu. Ukiwa na shaka, muulize shekhe wako, au chukua ile isiyo na ukingo ulale usingizi. Tena sahani yenye ukingo wa madini haiingii kwenye maikrowevu.

Hadithi ninayoipenda zaidi katika mambo ya vyombo ni ya sahani iliyovunjika. Iko katika Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wakeze, mke mwengine akapeleka chakula ndani ya sahani. Mwenye nyumba, ambaye wanazuoni wamemtaja kuwa ni Bi Aisha (R.A.), akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikaanguka ikavunjika. Mtume (S.A.W.) hakufoka. Aliokota vipande, akakusanya chakula, akawaambia waliokuwepo kwamba mama yenu kapatwa na wivu. Kisha akamzuia mtumishi mpaka ikaletwa sahani nzima ya nyumba ile, akampa mwenye sahani iliyovunjika, na iliyovunjika akaibakisha pale ilipovunjikia.

Tazama mafunzo yaliyomo. Sahani ilikuwa njiani kupeleka chakula, ndiyo kazi yake. Ilivunjika, na moyo wa mtu haukuvunjwa kwa ajili yake. Na haki ya mwenye mali ikalipwa siku ile ile.

Kisha kuna Suratul Maun. Inawalaumu wanaosali kwa kujionesha na kuzuia maun, na Ibn Masud (R.A.) ameieleza maun kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana: chungu, shoka, ndoo na mfano wa hivyo. Kujionesha na kunyima chombo vimewekwa pamoja katika sura moja fupi. Kabati lililofungwa kwa ufunguo, jirani ana walima na anatafuta sahani, hilo tulifikirie vizuri.

Kuchagua, kutumia, kuachia

Kwa anayenunua. Anza na watu utakaowalisha, si watakaokutazama. Nyumba nyingi zetu hula kwenye sinia. Sahani sita nzuri, mabakuli mawili makubwa ya mchuzi, vikombe vya chai na hotipoti imara zinatosha kuanzia maisha. Chagua aina ambayo duka linauza moja moja, ili ikivunjika moja usibaki na seti yenye pengo. Igonge kwa kucha: iliyo nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti ya kukwama. Kama inasafiri kwenda Nkome, zipange wima, si kulazwa, na kila moja iwe na nguo yake. Wala usikopee riba chombo cha kulia chakula. Maneno ya watu hupita kwa wiki moja; deni hukaa na ndoa.

Kwa anayetumia. Chombo cha udongo cha zamani sana usikiwekee achari, ukwaju wala ndimu, kwani rangi na ng'ao za zamani nyingine zina madini ya risasi, na uchachu huyatoa. Kiwekee mkate wa kumimina, visheti, tende. Kitoe Idi, kitoe siku ya aqiqa, kitoe siku ya hitma. Kikipata ufa, kirekebishwe bila aibu: kikombe cha Mtume (S.A.W.) kilipopasuka kilifungwa kwa fedha pale penye ufa, na Anas (R.A.) alikihifadhi.

Kwa mume na mke. Vyombo alivyokuja navyo mke, au alivyopewa kama mahari, ni mali yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania Bara nayo inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mmoja wao. Andikeni orodha mapema, kwa mapenzi, wawili mkicheka. Ni rahisi kuliko kuiandika mbele ya kadhi.

Na kwa anayeachia. Kuuza urithi wako si dhambi. Mtoto akiumwa, ada ya skuli ikikosekana, sahani ikauzwa, imefanya kazi nzuri kuliko zote. Lakini usimuuzie aliyebisha hodi kabla hujajua unacho nini. Piga picha za mbele na za kitako, waoneshe maofisa wa makumbusho, uliza zaidi ya mnunuzi mmoja. Na kama sababu ya kuuza ni kupata kitu cha kung'aa zaidi mbele ya wakwe, hesabu hiyo haitoki sawa: unatoa kilichovuka bahari na nchi kavu, unachukua kinachopatikana Kariakoo wiki yoyote, na kinachotoka China ile ile kilikotoka cha kwanza.

Ipo pia njia ambayo mama na binti wote wanaweza kuikubali. Binti aende na sahani tatu, tatu zibaki kwa mama. Fedha za upatu zinunue sahani 50 za melamini na masufuria mawili makubwa, ziwekwe kwa kina mama wa msikitini, wa kuolewa na wa kufiwa wote waazime. Ukweni watauliza kaleta nini. Watajibiwa na mtaa mzima, kila walima.

Bibi zetu waliweka sahani mahali pa uzazi na mahali pa msiba kwa sababu walijua mtu huingia duniani hana chombo na hutoka hana chombo, na baina ya hayo mawili hula na wenzake.

Allah awabariki maharusi wote wa Mfunguo Mosi huu, wa visiwani na wa Ziwani, awakutanishe katika kheri, na atujaalie vyombo vyetu viende kwa jirani vimejaa na virudi na dua. Amin.